Jinsi ya Kuhakiki Kolabo Bila Kuuliza Nani Kamfunika Nani

Kuna uhakiki ambao mtu anaweza kuuandika akiwa amesimama ndani ya daladala, huku redio ya dereva ikipiga wimbo mwingine kabisa. Unahitaji majina ya wasanii wawili, swali la nani kamfunika mwenzake, na jibu lolote lile. Ukifika kituoni umeshamaliza, nyota nne umeshaweka, na wimbo wenyewe hukulazimika kuusikiliza. Uhakiki wa namna hii umezagaa Dar es Salaam na Nairobi, na umezagaa hata New York, ambako hip-hop ilizaliwa na ambako kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kusikiliza. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuachana nao.

Darasa letu litakuwa wimbo mmoja tu: "Otis" wa Jay-Z na Kanye West, kutoka albamu yao ya pamoja Watch the Throne ya mwaka 2011. Nimeuchagua kwa sababu ulipokelewa karibu kwa kila namna ambayo kolabo inaweza kupokelewa. Ulisifiwa, ukapewa tuzo ya Grammy, ukalaumiwa kwa kiburi, ukajibiwa kwa wimbo na mkongwe wa hip-hop, na gari la kwenye video yake likaishia katika mnada uliohusu ukame wa Afrika Mashariki. Ukiweza kuuhakiki huu kwa haki, kolabo nyingine haitakushinda.

Anza na marehemu

Kabla hujaandika neno juu ya Jay-Z au Kanye, zima wimbo wao. Tafuta "Try a Little Tenderness" ya Otis Redding, iliyorekodiwa Memphis katika studio ya Stax mwaka 1966, uisikilize hadi mwisho. Hatua hii inarukwa na wengi, na kuiruka ndiko kunakozaa ule uhakiki wa kwenye daladala. Nusu ya kinachokufurahisha ndani ya "Otis" kilikuwapo miaka 45 kabla ya hao wawili kuushika wimbo huu.

Wala wimbo huo haukuanza na Redding. Ulitungwa na Jimmy Campbell, Reg Connelly na Harry Woods, ukarekodiwa kwa mara ya kwanza London mwishoni mwa 1932 na bendi ya Ray Noble. Ulikuwa wimbo mpole wa kumbi za dansi, wa kumshauri mwanamume ampe upole kidogo mwanamke aliyechoka. Bing Crosby aliuimba mwaka 1933. Aretha Franklin aliurekodi mwaka 1962, na Sam Cooke akaimba kipande chake jukwaani katika ukumbi wa Copacabana, New York, mwaka 1964. Kisha ukafika kwa Redding, kijana wa Georgia, nyuma yake wakiwa Booker T. & the M.G.'s.

Sikiliza wanachoufanyia. Unaanza taratibu, tarumbeta zikiwa chini, Redding akiyatamka maneno bila haraka hata kidogo. Mpiga ngoma Al Jackson Jr. anagonga ukingo wa ngoma yake, tiki, tiki, tiki, kama saa ya ukutani katika nyumba iliyolala. Mdundo huo mdogo unaisukuma bendi nzima hatua kwa hatua. Piano inaamka, gitaa la Steve Cropper linaingia, tarumbeta zinapanda, na kufikia mwisho Redding haimbi tena sentensi. Anakatakata silabi, anapiga kelele, anashindana na tarumbeta kwa koo tupu. Ushauri wa upole umegeuka kuwa jambo la dharura, na hakuna hata neno moja la busara lililoongezwa. Kazi yote imefanywa na mwendo. Juni 1967 alifunga onyesho lake kwenye tamasha la Monterey kwa wimbo huo. Desemba 10 mwaka huohuo ndege yake ilianguka katika ziwa Monona, jimbo la Wisconsin. Alikuwa na miaka 26.

Sasa rudi kwenye "Otis". Biti ameitengeneza Kanye mwenyewe. Mwanzoni anamwacha Redding aimbe, na msikilizaji asiyeujua wimbo wa asili anaweza kudhani ameweka albamu nyingine. Halafu anachukua zile kelele za mwishoni, anazikata vipande, anazizungusha mpaka zinakuwa mdundo. Angalia alichokifanya hapo: kilele cha Redding amekifanya sakafu. Mahali ambapo Redding alifika kwa kupanda ngazi moja moja, Kanye na Jay-Z wanaingia wakiwa wameshafika, na wanakaa hapohapo hadi wimbo unapokwisha, dakika tatu kasoro. Ndiyo maana wimbo unasisimua tangu sekunde za mwanzo. Ndiyo maana pia hauna pa kwenda. Uhakiki unaostahili jina hilo lazima useme yote mawili, na hauwezi kuyasema kama mwandishi hajasikia ile ngoma ya Al Jackson.

Hesabu waliomo

Hatua ya pili ni fupi lakini usiidharau. Andika majina ya kila aliyechangia wimbo, ukianza na wale ambao hawaonekani kwenye video. Kwa "Otis", jina la Redding limewekwa katika orodha ya washiriki, kama msanii aliyeshirikishwa, na wimbo umepewa jina lake. Campbell, Connelly na Woods, waliokuwa wakiuza nyimbo za dansi miaka ya 1930, wamo katika orodha ya watunzi. Unapoandika kwamba "Otis" ni wimbo wa watu wawili, umewafuta watu hao wote kwa sentensi moja.

Uungwana huo una historia. Miaka ya mwanzo ya hip-hop watengenezaji wa biti walichukua vipande vya rekodi za zamani bila kuomba ruhusa, hadi Desemba 1991 mahakama ya shirikisho ya New York ilipompa ushindi mwenye haki za wimbo wa Gilbert O'Sullivan uliotumiwa na rapa Biz Markie. Tangu hapo kipande cha wimbo ni kitu cha kuombewa kibali na kulipiwa. Sauti ya Otis Redding, tena ikiwa imetandazwa wimbo mzima, haipatikani kwa bei ya mchicha. Kwa hiyo kabla Jay-Z hajataja saa wala gari, biti yenyewe imeshajigamba: sisi ndio wenye uwezo wa kumweka Redding hapa. Mhakiki akilisikia hilo, mjadala wa utajiri ndani ya wimbo huu unahamia mahali pengine, nami nitaurudia baadaye kidogo.

Sikiliza wanavyopokezana

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, maana kolabo inaishi au kufa kwenye kupokezana.

Kolabo nyingi za hip-hop hujengwa kwa mgao. Kila mmoja anapewa mistari yake 16, kiitikio kinapita katikati, na mara nyingine washiriki hawakuonana hata studio. Wimbo wa mgao unaliruhusu swali la nani kamfunika mwenzake, kwa sababu umejengwa uwe mashindano. "Monster" wa Kanye wa mwaka 2010 ni mfano mzuri. Ndani yake wamo Rick Ross, Jay-Z, Nicki Minaj na Bon Iver, na wahakiki wengi sana walikubaliana kwamba Minaj, ambaye wakati ule alikuwa hajatoa hata albamu yake ya kwanza, ndiye aliyewafunika wakubwa zake. Walikuwa sahihi. Alibadilisha sauti mara kadhaa ndani ya ubeti mmoja, akawa mtu huyu na papo hapo akawa yule, na hakuna aliyebaki na hamu ya kumsikia mwingine baada yake. Swali lilikuwa halali na jibu lilikuwa la kweli.

"Otis" umejengwa vingine. Hauna kiitikio wanachokiimba hao wawili. Kelele za Redding ndizo zinazojaza nafasi hiyo. Jay-Z anatangulia, Kanye anapokea, Jay-Z anarudi, vipande vifupi vifupi, mmoja akiachia maiki mwenzake akiwa ameshavuta pumzi ya kuingia. Ni mtindo wa makundi ya miaka ya 1980 kama Run-DMC na EPMD, ambayo yalipeana mistari badala ya kugawana dakika. Msomaji aliyesimama mbele ya shule yake kwenye ngonjera anaujua ustadi huo mwilini. Kwenye ngonjera, mwenye sauti kubwa akimaliza zamu yake vizuri halafu mwenzake akachelewa kuingia, walioharibu ni wote wawili.

Basi fanya jaribio hili. Mtoe mmoja kichwani mwako, usikilize kama mwenzake anasimama peke yake. Jay-Z anachana kwa utulivu, haongezi sauti, anamaliza sentensi zake kana kwamba ana siku nzima. Kanye anaingia kwa kelele, kwa mzaha, kwa kujitapa kunakokaribia kuchekesha, na kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba kweli yuko hapo. Ukimwondoa Kanye, utulivu wa Jay-Z unakuwa uvivu. Ukimwondoa Jay-Z, kelele za Kanye zinachosha kabla ya dakika ya pili. Kila mmoja anaonekana kwa sababu mwenzake yupo, na hapo swali la nani kamfunika nani halina kazi.

Mapokezano hayo yana uzito zaidi kwa anayejua walikotoka. Kanye aliingia kwa Jay-Z kama mtengeneza biti. Alitengeneza nyimbo kadhaa za The Blueprint, albamu ya Jay-Z ya mwaka 2001, huku akipambana kuwashawishi wakubwa wa lebo ya Roc-A-Fella kwamba naye anaweza kushika maiki. Albamu yake ya kwanza, The College Dropout, ilitoka mwaka 2004. Miaka saba baadaye yuko ndani ya wimbo ambao biti ni yake na maiki ni ya wote wawili sawasawa, mstari kwa mstari. Anayeandika kwamba Jay-Z amembeba Kanye, au Kanye amembeba Jay-Z, hajasikia kwamba habari kubwa ya wimbo huu ni kuachiana nafasi.

Ukitaka uthibitisho, linganisha na "H•A•M". Huo ndio wimbo wa kwanza waliouachia kwa ajili ya albamu hiyohiyo, Januari 2011, biti ikiwa ya Lex Luger. Una kwaya ya kiopera, una ngoma nzito, na kila mmoja anachukua ubeti wake mrefu na kuondoka nao. Ulipokelewa kwa ubaridi, na albamu ilipotoka ulikuwa umesogezwa miongoni mwa nyimbo za ziada. Wasanii ni walewale na mwaka ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba kwenye "Otis" wanasikilizana.

Pima majigambo kwa kanuni zake

Albamu ilitoka Agosti 8, 2011, katika wiki mbaya sana ya kutaja fedha. Agosti 5 shirika la Standard & Poor's lilikuwa limeishusha Marekani kutoka daraja la juu la ukopaji, kwa mara ya kwanza katika historia. Agosti 6 vurugu zililipuka Tottenham, kaskazini mwa London, na kusambaa katika miji mingine ya Uingereza. Septemba 17 waandamanaji wa Occupy Wall Street wangepiga kambi New York, mji wa Jay-Z mwenyewe. Ndani ya wimbo kulikuwa na saa za bei mbaya, ndege na gari la Maybach. Baadhi ya walioandika waliona ukiziwi wa matajiri. Wengine waliona ushindi wa mtu mweusi aliyezaliwa Brooklyn katika majengo ya serikali ya Marcy, ambaye hakuna aliyemtarajia afike alipofika. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande uliweza kuiandika hoja yake kwa kutazama picha tu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuazima mizani kwa ajili ya kazi hii. Majigambo ni utanzu tunaoufundisha darasani. Katika vivugo vya Wahaya, mtunzi hujighani mwenyewe, hadharani, akitaja matendo yake, na wanaomsikiliza wanayajua matendo hayo. Hakuna aliyemkataza mtu kujisifu. Anachodaiwa ni tendo. Umepigana wapi, umemvusha nani, umelinda nini? Kwa hiyo usimlaumu rapa kwa kujigamba, maana hiyo ni kazi yake kama ilivyo kazi ya mwenye kivugo. Muulize tendo liko wapi.

Ukiupima "Otis" hivyo, utaona kitu ambacho waliokuwa wakihesabu magari walikipita. Sehemu kubwa ya majigambo ya wimbo huu ni ya kununua, na kununua ni tendo dogo. Kanye anachekesha, mistari yake ina vina vya kushtukiza, lakini majigambo yake mengi hayatoki nje ya duka. Jay-Z naye yuko dukani muda mwingi. Ila kuna mahali anabadilisha njia. Anajiweka katika nafasi ya mhamiaji, anataja uzio unaojengwa kumzuia na handaki linalochimbwa chini yake, anagusa habari ya mkimbizi wa kisiasa na hifadhi inayoweza kununuliwa. Mistari hiyo inapita haraka, katikati ya sigara za Cuba na magari ya Kijerumani, na haikai kueleza chochote. Lakini hapo majigambo yamepata tendo: kupenya mahali palipofungwa. Mwaka 2011, na miaka yote iliyofuata katika nchi ile, hayo hayakuwa maneno mepesi. Kama una nafasi ya kuchambua mistari minne tu, chambua hiyo.

Halafu sema ukweli kuhusu kinachokosekana. Wimbo wa Redding una shauri moja tu, kwamba mtu aliyechoka atendewe kwa upole. Jay-Z anafungua kwa kusifia utamu wa sauti ile, na baada ya hapo hakuna kati yao anayerudi kwenye shauri lenyewe. Wamechukua koo la Redding wakaacha alichokuwa anakisema. Nalihesabu hilo kuwa kosa kubwa la wimbo, kubwa kuliko Maybach, kwa sababu wao wenyewe ndio waliochagua kuuita jina lake.

Mtu aliyelisema jambo la karibu na hilo vizuri kuliko wote hakuwa mwandishi. Chuck D wa Public Enemy, ambaye kundi lake lilifundisha kizazi kizima kwamba hip-hop inaweza kusimama upande wa watu, alitoa wimbo wa kujibu mwezi huohuo wa Agosti, akiwataka wawili hao kutazama hali ya watu wao na kuibeba sauti ya Redding kwa heshima zaidi. Hakuwatukana. Aliwajibu kwa chombo chao, kwa mizani yao, kama mzee anavyowajibu vijana anaowatambua kuwa ni wake. Weka uhakiki huo juu kabisa ya mrundo wako. Kujibu wimbo kwa wimbo ni njia ya zamani kuliko magazeti, na katika pwani yetu washairi wamejibizana hivyo kwa karne nyingi.

Usiruke ukame

Sasa tunafika mahali ambapo mhakiki wa Afrika Mashariki ana wajibu wake peke yake.

"Otis" ulisikika kwa mara ya kwanza redioni Hot 97, New York, Julai 20, 2011, mikononi mwa DJ Funkmaster Flex. Siku hiyohiyo Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika maeneo mawili ya kusini mwa Somalia, Bakool ya Kusini na Shabelle ya Chini. Familia zilikuwa zikitembea kwa wiki kadhaa kuelekea kambi za wakimbizi za Dadaab, upande wa Kenya, na wengine waliwazika watoto wao njiani. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa Somalia kwa njaa ile na matokeo yake.

Video ya wimbo, iliyoongozwa na Spike Jonze, ilitoka Agosti. Jay-Z na Kanye wanaichanachana Maybach 57 kwa misumeno na moto, wanaing'oa milango, halafu wanaiendesha kwa kasi uwanjani wakicheka, bendera kubwa ya Marekani nyuma yao. Maandishi kwenye skrini yanasema gari hilo litapigwa mnada na fedha zitakwenda kwa waathirika wa ukame wa Afrika Mashariki. Mnada ulifanyika New York Machi 2012 kupitia kampuni ya Phillips de Pury, na gari likauzwa dola 60,000, chini ya bei iliyotarajiwa. Kwa viwango vya wakati ule ni kama shilingi milioni 5 za Kenya.

Kwa msomaji wa Chicago hiyo inaweza kuwa tanbihi. Kwa msomaji wa Garissa siyo. Andika kiasi hicho kilivyo, na karibu yake uandike kingine: mwishoni mwa Julai 2011, siku chache baada ya "Otis" kusikika redioni, Wakenya walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya, chini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, Safaricom na benki ya KCB, wakilenga kukusanya shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja. Watu walituma kwa M-Pesa kile walichokuwa nacho, wengine shilingi kumi kumi. Lengo lilifikiwa na kupitwa.

Siandiki haya ili kulidharau lile gari. Dola 60,000 zinanunua maziwa ya unga mengi, na aliyekunywa hakuuliza yametoka kwenye msumeno wa nani. Ninachosema ni kwamba msaada ule uko kwenye maandishi ya skrini peke yake. Ndani ya mistari ya wimbo hakuna aliyechoka wala aliye na njaa, ingawa chini ya mistari hiyo sauti ya Redding inamwombea mtu aliyechoka tangu mwanzo hadi mwisho. Mhakiki wa kwetu akiliacha hilo, hakuna mwingine atakayeliandika kwa ajili yake.

Mambo madogo

Tuzo isikusumbue. "Otis" ulipata Grammy ya onyesho bora la rap Februari 2012, na ulifika nafasi ya 12 kwenye chati ya Billboard Hot 100. Weka hayo kwenye sentensi moja, uendelee. Na usiandike usiku wa kwanza. Watch the Throne ililindwa isivuje, wahakiki wengi waliipata pamoja na umma, wakaandika kwa kukimbizana na saa. Katika haraka hiyo gari linaonekana mara moja, lakini handaki linahitaji kusikilizwa tena.

Hukumu yangu ni hii. Kama mazungumzo ya marapa wawili, "Otis" ni kazi ya kiwango cha juu, na sijui wimbo mwingine wa miaka ile uliorudisha mtindo wa kupeana maiki kwa furaha kiasi hicho. Kama biti, ni ujasiri wa mtu aliyeielewa rekodi ya 1966 vizuri kuliko wengi wanaoiabudu. Kama heshima kwa Otis Redding, wimbo umeshindwa, na umeshindwa kwa maneno, mahali palepale ambapo marapa hawana wa kumlaumu.

Nawe unayejiandaa kuandika juu ya kolabo iliyotoka wiki hii, iwe ya Temeke au ya Eastlands, fanya haya kabla hujampa mtu nyota. Tafuta aliyetengeneza biti, uandike jina lake katika aya ya kwanza. Kama kuna kipande cha taarab, cha rumba au cha dansi ndani yake, utafute wimbo wa asili, umtaje aliyeuimba, na uulize kama yeye au familia yake wamelipwa. Kisha sikiliza jinsi wasanii wanavyoachiana nafasi. Yule prodyuza ambaye hakuna anayemtaja bado anasubiri jina lake liandikwe.